Konokono wa Kilindini Anaihusu Themi

Agosti iliyopita, kwenye maonesho ya Nane Nane hapa Themi, Arusha, nilisimama kando ya banda dogo lililobanwa kati ya wauza mbegu za mahindi chotara na vijana waliokuwa wakiwasha pawatila ili watu wasikie mlio wake. Ndani ya banda hilo alikuwamo binti mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa yuko chuo. Alikuwa ametundika bango alilolichora kwa mkono wake: konokono mwenye magamba meusi mguuni, mnyoo mwekundu asiye na mdomo wala utumbo, na kamba mweupe aliyejaa bakteria kichwani. Juu ya picha aliandika kwa herufi kubwa: NANI WANAISHI NDANI YAO?

Mzee mmoja aliyejifunga lubega alisimama, akapokea shikamoo ya binti, akalitazama bango kwa muda mrefu. "Mwanangu, huyu anafugwa wapi?"

"Hafugwi, baba. Yuko chini ya Bahari ya Hindi, kina cha zaidi ya kilomita 2."

Mzee hakusema neno. Aliyesema ni bwana wa makamo, mwenye koti na beji ya mgeni mwalikwa, aliyekuwa akipita na wenzake. "Dada, usiache mbachao kwa msala upitao. Nyanya zinatuozea shambani, ng'ombe wanatufia, watoto wetu meno yana madoa kwa maji ya Meru. Hayo ya vijidudu vya chini ya bahari waachie wenye meli." Wenzake wakaafiki, wakaenda zao. Binti akabaki anainyoosha kona ya bango iliyokuwa imejikunja.

Nilinyamaza siku ile, na ukimya huo umenikera tangu hapo. Makala haya ni jibu nililopaswa kulitoa palepale.

Sina nia ya kumdharau bwana yule, kwa sababu alichokisema si neno la mtu mmoja. Nimelisikia kwenye vyumba vya walimu, kwenye vikao vya kugawa fedha za miradi ya wanafunzi, kwa wazazi wanaomkataza mtoto kuchukua shahada ya baiolojia ya bahari kwa kuwa "Arusha hakuna bahari." Lina nguzo tatu. Kwanza, mambo ya kilindini yako mbali nasi. Pili, vijidudu ni ugonjwa, na kazi yetu juu yao ni kuua. Tatu, elimu isiyojaza sahani leo ni anasa ya matajiri. Kwa macho ya haraka nguzo hizi zinaonekana imara, na anayezisimamia huonekana mtu mwenye huruma kwa maskini. Mimi nadai kwamba zote tatu ni mbovu, na kwamba huruma hiyo inatugharimu.

Nianze na umbali. Mto Themi unatoka kwenye miteremko ya Mlima Meru, unapita katikati ya mji wetu, unaingia mto Kikuletwa. Kikuletwa unamwaga maji yake kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji yanaitwa Pangani mpaka yanapoingia Bahari ya Hindi kusini ya Tanga. Mfuko wa plastiki unaotupwa mtoni nyuma ya soko letu una njia ya wazi kwenda baharini. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba bahari inaanzia Dar es Salaam.

Ni kweli, konokono wa kwenye bango hayuko Pangani. Makazi yake yaliyogunduliwa mwanzo, chemchemi moto zinazoitwa Kairei, yako karibu kilomita 4,000 kutoka pwani yetu, kusini mashariki, mahali ambapo mabamba matatu ya ardhi yanaachana chini ya bahari. Lakini umbali lini umekuwa kipimo chetu? Mwaka 2010 kampuni za kigeni zilipoanza kugundua gesi kwenye maji ya kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara, sikumsikia mtu wa Arusha akisema haimhusu. Tuliisikia redioni, tukaijadili kwenye daladala, tukapiga hesabu ya shule na hospitali zitakazojengwa. Visima kadhaa vya gesi ile vilichimbwa mahali ambapo sakafu ya bahari iko zaidi ya mita 2,000 chini ya mawimbi, kina kinachokaribia kile cha Kairei. Roboti zenye kamera na mikono ya chuma zimekwisha kushuka huko katika bahari ya Tanzania. Kilindini tumeshafika, ila tumefika tukiwa na swali moja tu mfukoni: kuna gesi kiasi gani?

Na moto wenyewe si mgeni kwetu. Sisi tunaokaa chini ya mlima uliotapika mara ya mwisho mwaka 1910, katika Bonde la Ufa ambako bara linaendelea kupasuka, tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa kinachotokea pale Kairei. Huko nako ardhi inapasuka. Maji ya bahari yanapenya kwenye nyufa, yanakutana na miamba iliyochemka, kisha yanarudi juu yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 300 na mzigo wa madini na gesi ya salfa, ile yenye harufu ya yai viza. Jua halifiki. Uzito wa maji unakandamiza mara 240 zaidi ya hewa tunayoivuta ufukweni. Kwa elimu tuliyofundishwa shuleni, kwamba kila chakula kinaanzia kwenye jani la kijani na mwanga wa jua, mahali hapo pangepaswa kuwa kaburi.

Pamejaa uhai. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanaosema mambo haya hayana maana mara nyingi hawajawahi kuyasikia yakisimuliwa.

Mwaka 1977 nyambizi ndogo ya Marekani iitwayo Alvin ilishuka karibu na visiwa vya Galapagos, kina cha takriban mita 2,500, na waliokuwamo wakaona minyoo wakubwa wenye urefu wa karibu mita 2, wamesimama ndani ya mirija myeupe kama msitu, vichwa vyekundu kwa damu. Walipompasua mmoja hawakukuta mdomo. Hawakukuta tumbo. Walikuta mfuko mkubwa wa nyama laini, na hakuna aliyejua mnyama huyo anakula nini. Miaka michache baadaye mtaalamu wa minyoo alikuwa akitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Harvard, akataja kwa kupita kwamba ndani ya mfuko ule ameona chembe za salfa. Mwanafunzi mmoja, Colleen Cavanaugh, akasimama na kusema kwamba lazima mnyoo huyo ana bakteria ndani, nao ndio wanaomlisha. Mwaka 1981 ushahidi ulichapishwa, na alikuwa sahihi. Damu ya mnyoo inabeba oksijeni na salfa kwa pamoja na kuwapelekea wapangaji wake. Wapangaji wanaiunguza salfa, na kwa nguvu hiyo wanatengeneza chakula kutokana na hewa ya kaboni, kazi ileile ambayo jani hufanya kwa mwanga. Mnyama ametoa nyumba, mpangaji analipa kodi kwa chakula.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Kome wa kilindini, wa jamii ya Bathymodiolus, wana wapangaji kwenye matamvua: baadhi hutumia salfa, wengine hutumia methani, gesi ileile inayochimbwa Mtwara. Mwaka 2019 watafiti walipowasoma wapangaji hao kwa makini waligundua kwamba wale tuliokuwa tukiwaita aina moja ni koo nyingi, hadi 16 ndani ya kome mmoja, kila ukoo na ujuzi wake. Kamba wa jamii ya Rimicaris, ambao kwenye chemchemi hizo hujazana kama nyuki mzingani, hufuga bakteria ndani ya mashavu yaliyotanuka. Sifongo wa baharini ni mji kamili: katika baadhi yao theluthi ya mwili au zaidi ni bakteria, wa mamia ya aina. Unapomshika sifongo mmoja mkononi, hujui hasa umemshika nani.

Na huyo konokono wa bango. Aligunduliwa Kairei mwaka 2001. Mguu wake umefunikwa na magamba yenye madini ya chuma na salfa, kitu kisichojulikana kwa mnyama mwingine yeyote aliye hai. Tumbo lake limesinyaa, moyo wake ni mkubwa kupita kiasi, na kooni ana tezi iliyovimba kuliko ya ndugu zake wote, imejaa bakteria wa aina moja wanaomlisha. Moyo ule mkubwa unasukuma damu kwa ajili ya wapangaji kuliko kwa ajili yake mwenyewe. Tena wapo wa ukoo wake, kwenye chemchemi nyingine ya Bahari ya Hindi yenye chuma kidogo, ambao magamba yao ni meupe, hayana chuma kabisa. Kiumbe mmoja, mahali pawili, mavazi mawili, kutegemea kilichomo kwenye maji.

Nani amesema mtoto wa Themi hana haki ya kushangazwa na hilo? Tunampeleka Ngorongoro akashangae faru, na tunafanya vizuri. Mshangao nao ni chakula. Lakini sitaki mtu aseme nimekimbilia uzuri kwa kukosa hoja, kwa hiyo niende kwenye nguzo ya pili.

Vijidudu ni ugonjwa. Lugha yenyewe imetutega hapa. Neno "vimelea" mtaani linabeba kipindupindu na homa ya matumbo. Tangazo la sabuni linajisifu kwa kuua karibu wote. Mtoto akisikia "bakteria" ananawa mikono. Kunawa mikono ni jambo jema, na sina ugomvi na sabuni. Ugomvi wangu ni na elimu iliyoishia hapo, iliyomfanya hata msomi aamini kwamba mnyama mwenye bakteria ni mnyama mchafu, ilhali ukweli ni kwamba mnyama asiye na bakteria takriban hayupo.

Jioni ya siku ile ya maonesho, mzee wa lubega alirudi bandani. Mbegu alikuwa ameshanunua, mfuko uko begani. Alimuuliza binti swali ambalo bwana wa koti hakulifikiria: "Huyo mnyoo wako, hao wadudu wake anazaliwa nao, au anawaokota?" Binti akamjibu kwamba huwaokota, mtoto wa mnyoo hutoka yaini bila mpangaji, kisha bakteria wa majini humwingia kupitia ngozi. Mzee akafikiri. "Na ndorobo je? Naye anao?"

Mzee anafuga ng'ombe kwenye nyanda zinazoelekea Simanjiro, na ndorobo, yule mbung'o wa vitabuni, amemlia ng'ombe wengi. Aliuliza swali la kitaalamu kabisa, na jibu lake ni ndiyo. Mbung'o hula damu peke yake maisha yake yote, na damu haina vitamini za kundi B za kumtosha. Anazipata kwa bakteria anayeitwa Wigglesworthia, aliyejengewa chumba chake kwenye utumbo. Mbung'o jike hatagi mayai. Hubeba buu mmoja tumboni na kumnyonyesha maziwa, na katika maziwa hayo humpitishia mtoto bakteria wa familia. Ukimwondolea jike bakteria huyo, hazai. Mtoto akikua bila yeye, kinga yake inakuwa dhaifu.

Soma tena maneno hayo ukiwa umesimama kwenye boma la mfugaji. Adui wetu mkubwa wa mifugo anaishi kwa hisani ya kijidudu, na sayansi inayotufundisha kanuni za ubia huo ni ileile iliyosukumwa mbele na mnyoo wa Galapagos. Mnyoo huokota mpangaji majini kila kizazi. Mbung'o hurithi kwa mama. Wapo chaza wa kilindini wanaorithisha kupitia yai, na bakteria wao, kama yule wa mbung'o, wamepoteza sehemu kubwa ya jeni zao kwa kuwa nyumba inawafanyia kila kitu. Kanuni ni moja: mpangaji anayerithiwa hupungua mpaka hawezi tena kuishi nje. Anayeokotwa hubaki na zana zake zote. Huwezi kuiona kanuni hiyo kwa kumtazama mbung'o peke yake. Unaiona ukimweka kando ya chaza na mnyoo. Hivyo ndivyo kilindi kinavyofika Simanjiro.

Sisi si wageni wa kazi ya namna hii. Unguja ilimtokomeza mbung'o kati ya 1994 na 1997 kwa madume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi, wakaachiwa kwa ndege, zaidi ya milioni 8. Hiyo ilikuwa kazi ya kumjua mdudu kwa undani, siyo kummwagia sumu tu. Ng'ambo ya mpaka, Mbita nchini Kenya, ufukweni mwa Ziwa Victoria, Jeremy Herren na wenzake wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe walichapisha mwaka 2020 habari za kijiumbe waliyemkuta ndani ya mbu wa malaria, wakamwita Microsporidia MB. Mbu aliyembeba hakukutwa na vimelea vya malaria, na mama humrithisha watoto wake. Mbu ni mnyama asiye na uti wa mgongo, na ndani yake, pamoja na adui yetu, huenda anaishi askari wetu. Ungekuwa na falsafa ya kuua tu, ungeua vyote viwili na usijue ulikuwa na nini mkononi.

Hapo nguzo ya tatu inaanza kutikisika: kwamba elimu isiyojaza sahani leo ni anasa. Mwaka 1924 Marshall Hertig na Simeon Wolbach, wakichunguza mbu wa kawaida wa majumbani huko Marekani, waliona bakteria kwenye ovari zake. Hakuwa na faida yoyote iliyojulikana. Angekuwapo bwana wa koti, angewaambia waache mambo hayo waende kutibu watu. Bakteria huyo leo anaitwa Wolbachia, na jaribio lililofanywa katika mji wa Yogyakarta, Indonesia, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2021, lilionesha kwamba kuwapandikizia mbu bakteria huyo kulipunguza homa ya dengue kwa asilimia 77. Kati ya kuona na kufaidi ilipita karibu karne nzima. Anayetaka kila mbegu iote siku aliyoipanda hafai kuwa mkulima, na ajabu ni kwamba maneno yale yalisemwa kwenye maonesho ya wakulima.

Niwe mkweli upande wa pili pia. Wapo watetezi wa bahari wanaoahidi kwamba kila sifongo ana tiba ya saratani. Siwaungi mkono; ahadi za namna hiyo zinavunja heshima ya sayansi zisipotimia, na nyingi hazitimii. Zipo dawa chache za kweli. Trabectedin, inayotibu baadhi ya saratani za tishu laini, iligunduliwa kwa mnyama wa baharini anayeishi maji mafupi, na ilipofika 2011 watafiti wakaonesha kwamba mwenye kuitengeneza ni bakteria aliye ndani ya mnyama huyo. Sifa zilikuwa zimemwendea mwenye nyumba. Nalitaja hilo kwa ajili ya funzo lake juu ya nani anafanya kazi. Hoja yangu haitegemei dawa hata moja.

Inategemea zaidi swali la nani anamiliki. Neno "anasa" likisemwa na maskini juu ya kitu ambacho tajiri anakigombania, hapo pana jambo. Mwaka 2018 watafiti walihesabu mifuatano ya jeni za viumbe wa baharini iliyotajwa kwenye hataza duniani. Walipata karibu 13,000, kutoka spishi 862, na zaidi ya 1,600 kati yake zilitoka kwa viumbe wa kilindini na wa chemchemi moto. Kampuni moja ya Ujerumani, BASF, ilishikilia asilimia 47. Mashirika ya nchi 10 yalishikilia asilimia 98. Afrika Mashariki haikuwa miongoni mwa nchi hizo.

Wakenya walishapita njia hii nchi kavu. Vijiumbe vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, mabinamu wa wale wa Natron na Momela tunaowapita tukienda kuangalia heroe, vilichukuliwa na watafiti wa nje mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vimeng'enya kutoka huko vikaingia kwenye biashara ya kufubaza jinzi na sabuni za kufulia, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likajitokeza kudai haki yake. Mabishano juu ya nani alitoa kibali gani yaliendelea. Suala ambalo halikuwa na ubishi ni kwamba waliokuwa wanajua thamani ya tope lile walikuwa wachache sana upande wetu.

Sakafu ya Bahari ya Hindi nayo imekwisha kugawiwa mikataba ya kutafuta madini ya salfaidi: China mwaka 2011, Korea Kusini 2014, Ujerumani 2015, India 2016. Eneo la Ujerumani linaigusa Kairei yenyewe. Ndiyo maana konokono wetu mwaka 2019 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, akiwa wa kwanza kuingizwa humo kwa sababu ya hatari ya uchimbaji wa madini kilindini. Hakuna nchi hata moja ya Afrika Mashariki iliyodhamini mkataba wa aina hiyo, na mimi sililii mkataba wa kuchimba. Ninacholilia ni kwamba uamuzi wa kuchimba au kuacha unafanyika katika bahari yetu tukiwa hatuna watu wa kutosha wanaoweza kusema ndani ya chumba, kwa ushahidi wao wenyewe, kuna nini kitakachopotea.

Zamani hatukuwa hivyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari mwaka 1985, na kamisheni iliyoandaa kuanzishwa kwa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, ile yenye makao Kingston, Jamaika, mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Joseph Warioba. Kizazi cha Warioba hakikuuliza kilindi kinawahusu nini. Walikuwa na nchi maskini kuliko hii ya leo, wametoka vitani, maduka matupu, na bado walikwenda kukaa mbele katika mjadala wa sakafu ya bahari ambayo hawakuwa na hata nyambizi ya kuifikia. Waliona kwamba kanuni ya urithi wa pamoja wa wanadamu haitakuwa na maana kama nusu ya wanadamu hawapo mezani. Mkataba ule ulilenga madini. Jeni za viumbe haukuzigusa. Pengo hilo ndilo lililojazwa na mkataba mpya wa bahari zilizo nje ya mamlaka ya nchi, uliopitishwa Juni 2023 na kuanza kutumika Januari 2026, ambao unazungumzia kugawana faida za jeni za baharini. Kugawana. Na anayegawiwa asijue kilichomo kwenye sufuria atapewa mchuzi.

Linabaki lile la meli. Kweli, meli ya utafiti wa kilindini ni ghali, na sitaki shule ifungwe ili inunuliwe meli. Lakini waliolifanya neno "meli" kuwa kufuli hawajaangalia mlango. Jeni za bakteria wa konokono wa Kairei zilishasomwa na kuchapishwa mwaka 2014. Ziko kwenye hazina za data zilizo wazi kwa yeyote, na mwanafunzi mwenye kompyuta na bando anaweza kuzipakua akiwa chumbani kwake Njiro. Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iko hapa hapa Tengeru. Mashine ya kusoma DNA inayotoshea mfukoni imeshatumika kwenye mashamba ya mihogo ya Tanzania, Uganda na Kenya kusoma virusi na inzi weupe wanaovibeba, kazi iliyowashirikisha watafiti wetu kama Joseph Ndunguru. Inzi mweupe naye, kama mbung'o, hawezi kuishi bila bakteria wake. Kwa hiyo ujuzi wa kumsoma mpangaji ndani ya mdudu upo nchini. Uliopungua ni uthubutu wa kusema kwamba ujuzi huo una haki ya kwenda hadi baharini.

Tena zipo sampuli ambazo hatuhitaji kuzifuata. Kila kampuni inayotaka kutoboa sakafu ya bahari yetu kutafuta gesi hufanya tathmini ya mazingira. Roboti zinashuka, zinapiga picha, tope linachotwa. Sheria iseme wazi kwamba sehemu ya tope hilo, na kila kome na mnyoo aliyemo, inahifadhiwa kwenye friza la nchi hii, na kwamba picha zote zinabaki huku, mali ya umma, wazi kwa mwanafunzi. Gharama yake ukiilinganisha na kisima kimoja ni tone. Tunazungumza sana uchumi wa buluu, na tunapouzungumza tunamaanisha samaki, mwani, bandari na gesi. Nauliza kwa dhati: buluu hiyo inaishia kina gani?

Namrudia bwana wa koti, ndugu yangu, kwa sababu najua alisema alichosema akiwafikiria watoto wenye meno ya madoa, na mimi nawafikiria haohao. Mtoto huyo ukimpa maji safi umemtendea haki. Ukimpa maji safi halafu ukamwambia kwamba udadisi wake uishie kwenye mpaka wa mkoa, umempunguzia kitu ambacho mtoto wa Hamburg au Yokohama hapunguziwi. Mbachao wetu haujaachwa, ndugu. Bahari ndiyo mbachao, na walioutandika ni wengine.

Mzee wa lubega aliondoka na mchoro. Binti aliurarua ukurasa kwenye daftari lake, akamchorea utumbo wa ndorobo na chumba cha bakteria ndani yake, akaandika kando yake maneno machache kwa kalamu nyekundu, na mzee akaukunja akautia kwenye mfuko wa mbegu. Bango lenyewe liko kwangu, juu ya kabati, limezungushwa gazeti lisishike vumbi. Nane Nane ijayo tunalirudisha palepale Themi, kati ya mahindi na pawatila, na safari hii pana nafasi ya picha ya nne.